Somo la Kodi la Jumamosi

Baiskeli yake haikuwa na kengele. Ilikuwa imeibwa au imedondoka njiani, hakuna aliyejua, na yeye hakujisumbua kununua nyingine. Akitelemka ule mteremko wa kuingia shuleni alikuwa anapaza sauti, "Kengele! Kengele!" na kuku, wanafunzi na akina mama wenye ndoo kichwani wote wanampisha. Watu wa pale walimzoea hata wakaacha kucheka. Mgeni tu ndiye aliyegeuka kutafuta hiyo kengele iko wapi.

Alikuwa mwalimu wetu wa biashara katika sekondari moja ya kule juu Mbozi, miaka ya sabini, wakati vijiji vya ujamaa vimekwisha kupangwa na lami ya barabara ya Zambia bado ni nyeusi. Hatukumwita kwa jina. Tulimwita Mwalimu wa Kodi, mwanzoni kwa kumteta, baadaye kwa mazoea, mwishoni kwa mapenzi. Naye hakutuita kwa majina yetu. Alituita kwa vijiji na miji tulikotoka. "Wewe wa Igamba, futa ubao." "Wewe wa Ruanda, mbona unalala?" Mimi nilikuwa Wewe wa Tunduma, na kwa miaka yote minne sidhani kama jina langu liliwahi kutoka kinywani mwake, ingawa aliliandika vizuri kila muhula kwenye ripoti.

Mrefu, mabega yameinama kidogo, shati jeupe lililofuliwa mpaka likawa karibu kuonyesha ndani, na tai. Tai hiyo aliivaa hata siku za kulima shamba la shule. Aliitupa begani ili isiguse udongo, akashika jembe, akalima kuliko sisi. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kimenyooka, ila akikasirika kilipanda na kushuka kama Kinyiha cha nyumbani kwao, na hapo tulijua kwamba utani umekwisha.

Somo la kodi halikuwa kwenye ratiba. Kwenye ratiba tulikuwa na hesabu za biashara: kulia, kushoto, mizania. Kodi aliileta mwenyewe, Jumamosi mchana, tukishatoka shambani na kuoga, muda ambao wenzetu walikuwa wanacheza mpira au kusuka nywele. Hakumlazimisha mtu. Alisema tu, "Anayetaka kujua serikali inakula nini kwenye sahani ya baba yake, aje." Siku ya kwanza tulikwenda wachache, kwa udadisi wa hiyo sahani. Baadaye chumba kilijaa na wengine wakakaa madirishani.

Aliweka meza moja katikati ya darasa, kiti huku na kiti kule. Huku anakaa afisa wa kodi, kule anakaa mlipaji. Mlipaji anaweza kuwa mwenye duka, mwenye lori, mwenye kinu cha kusaga, au mwalimu anayekatwa kwenye mshahara. Walipaji walijaza fomu alizozichora yeye mwenyewe kwa rula, na maafisa walizipokea na kuuliza maswali. Nusu saa ikipita, alipiga makofi na kila mtu alihama kiti.

"Kila mtu atakaa pande zote mbili za meza hii," alisema. "Sitaki mtu atoke hapa anajua upande mmoja."

Kijana wa Igamba, ambaye sauti ilikuwa imemvunjika karibuni, alikipenda sana kiti cha afisa. Alikunja uso, akagonga meza, akamfokea binti aliyekuwa mwenye duka: "Kwa nini hulipi kodi? Unataka kuhujumu nchi?" Tulicheka. Mwalimu hakucheka.

"Kabla ya hilo ulimuuliza nini?"

"Sikumuuliza kitu, Mwalimu."

"Unajua anauza nini?"

"Sijui."

"Unajua amekwisha kulipa au hajalipa?"

Kijana aliondoa mkono mezani.

"Toka nje, ubishe hodi, uingie, umsalimie, uanze upya."

Akatoka kweli, akabisha hodi, akaingia akamwamkia mwenzake shikamoo, ingawa walikuwa kidato kimoja. Baada ya hapo mahojiano yao yalikuwa mazuri kuliko yote tuliyowahi kuyaona pale.

Kitu alichokirudia mpaka tukawa tunakimalizia kwa pamoja ni hiki: "Andika siku hiyo hiyo. Ukiandika kesho, utaandika unachotaka, siyo kilichotokea." Hakukitia madoido yoyote. Alikisema kama mtu anayekwambia ufunge mlango, kuna baridi.

Wale waliotoka kwenye familia za kulima kahawa, yaani karibu nusu ya darasa, aliwaomba walete zile karatasi ambazo wazazi wao walipewa walipopeleka kahawa. Wengi walisema nyumbani hakuna anayezisoma, huwa wanaangalia fedha tu. Aliwasomesha mstari kwa mstari: hii ni bei, haya ni makato, hii ni ya gunia, hii ni ya usafiri, hii ni ushuru, na hiki kilichobaki ndicho mama yako alichopokea. Kijana wa Ruanda aliikodolea macho karatasi ya kwao kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Kumbe mama hakuibiwa." Mwaka mzima mama yake alikuwa amemlaumu karani wa mizani, hata salamu wakawa hawapeani. Likizo ilipofika alikwenda akamsomea mama. Aliporudi alituambia kwamba mama alikwenda mwenyewe kwa yule karani na kuku mkononi, na wakaongea yakaisha.

Mambo kama hayo ndiyo yaliyomfurahisha. Hakupiga makelele ya furaha. Alifungua tai tu.

Siku moja hakutufundisha darasani. Alituongoza kwa miguu mpaka kwenye daraja dogo la zege, njia ya kwenda zahanati, akatupanga juu yake kama anayetaka kutupiga picha. Maji yalikuwa yanapita chini kwa kasi, masika yalikuwa yamekolea.

"Mmesimama juu ya nini?"

"Daraja."

"Juu ya nini?"

Wewe wa Igamba akajaribu, "Saruji, Mwalimu."

"Mmesimama juu ya kodi. Kuna mtu aliuza mahindi, kuna mtu alikatwa mshahara, kuna mtu alinunua sigara, ndiyo maana miguu yenu ni mikavu." Halafu akatutelemsha mpaka ukingoni, akatuonyesha ufa mrefu uliopita ubavuni mwa nguzo. Akatia kidole ndani. "Na hapa je? Hapa pana mtu alikula saruji. Mkilipa bila kujua, hamtauona huu. Mkijua, mtauliza." Akajifuta kidole kwenye suruali, tukarudi shuleni tukiimba.

Nadhani ni daraja hilo lililomletea matata. Haikupita muda, alikuja mgeni kutoka wilayani, mtu wa chama, suti ya kola nyembamba, kalamu mbili mfukoni. Mkuu wa shule alimleta mpaka mlangoni kwetu Jumamosi ile, uso umemwiva.

"Mwalimu," mgeni alisema, mbele yetu, "nimesikia unawafundisha watoto wa wakulima jinsi ya kukwepa kodi."

"Nawafundisha kuilipa, ndugu."

"Kuilipa kunafundishwa? Si mtu anaambiwa tu?"

"Alikuwa anaambiwa tu tangu zamani, ndugu. Na tangu zamani alikuwa anakimbilia porini."

Mkuu wa shule aliangalia dari. Mgeni aliangalia ile meza na viti viwili, akauliza ni vya nini. Mwalimu akamwomba akae upande wa mlipaji. Sijui kwa nini alikubali. Labda alichoka kusimama. Afisa siku hiyo nilikuwa mimi. Nilimkaribisha, nikamuuliza shughuli zake, nikamuuliza kama ana shamba, ana mifugo, ana nyumba ya kupangisha. Kwenye nyumba ya kupangisha alisita.

"Ipo," akasema. "Ya marehemu kaka. Kodi ya pango wanachukua watoto wake."

"Basi si mapato yako, ndugu," nikamwambia, "ila ni vizuri iandikwe hivyo, ili usije ukatozwa wewe."

Akaniangalia. Akamgeukia Mwalimu, akamgeukia mkuu wa shule, halafu akacheka kicheko kirefu, cha mtu aliyekuja amejiandaa kugombana na sasa hana wa kugombana naye. Aliondoka akisema somo liendelee, ila lisiingizwe kwenye ratiba. Mwalimu alisimama mlangoni mpaka gari lilipotokomea. Alipogeuka, shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima.

Hilo ndilo lililokuwa jambo la ajabu kwake. Mtu yule aliyetufundisha kukaa wima mbele ya afisa, yeye mwenyewe aliogopa ofisi. Siyo kidogo. Akiitwa kwa mkuu wa shule kwa jambo dogo kama chaki, alikunywa maji kwanza. Posta alimtuma mwanafunzi. Mshahara wake ulipokosewa, alikaa miezi bila kwenda kuuliza, wakati huo huo anatufundisha namna ya kuandika barua ya kuuliza. Tulimtania wenyewe kwa wenyewe, tukamwona mnafiki kidogo. Sababu niliijua baadaye, nyumbani kwetu, mezani kwa baba yangu.

Baba alikuwa Mrangi wa Kondoa. Alikuja Tunduma na malori, akapapenda, akafungua duka karibu na mpaka: chumvi, sabuni, mafuta ya taa, vitenge, makoti ya mitumba kwa ajili ya baridi ya kule. Wateja wake wengi walivuka kutoka Nakonde, wakamwita mukwai kwa heshima, naye akawajibu kwa Kibemba alichokiokota dukani. Alikuwa mtu wa swala tano na wa maneno machache. Hesabu zake aliziandika kila jioni kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa utotoni chuoni, yaani madrasa. Herufi nyingine hakuzijua.

Nilikuwa kidato cha tatu nilipokwenda nyumbani likizo fupi, nikakuta nyumba ina ukimya nisioujua. Mama alinivuta jikoni.

"Baba yako anaondoka," alisema.

"Anakwenda wapi?"

"Ng'ambo. Amekwisha kufunga mzigo. Anasema akitulia atatuita."

Nilimkuta baba chumbani, amekaa kitandani, fuko la nguo miguuni. Alinipa karatasi ya kodi. Nilikuwa nimekwisha kuchora karatasi za namna ile mara nyingi, kwa hiyo niliielewa. Walimkadiria kodi ambayo hata angeuza duka, nyumba na shuka za vitandani, asingeimaliza. Wakati ule wenye maduka binafsi walitazamwa kwa jicho la pembeni, na baba alikuwa ameshaamua kwamba hiyo ni njia ya kumfunga.

"Walipataje hii, baba?"

"Walikuja, wakachungulia stoo, wakaona imejaa chumvi hadi juu. Wakaandika, wakaenda."

"Ile chumvi si ya yule mwenye malori?"

"Ni yake. Mimi namtunzia tu, ananipa fedha ya kuhifadhi."

"Uliwaambia?"

"Nani ataniamini, mwanangu? Daftari langu waliligeuza juu chini, wakaniuliza hii ni dua?"

Sikusubiri likizo iishe. Nilipanda lori la asubuhi, nikarudi shule, nikamkuta Mwalimu anapalilia kahawa yake, ambayo ilikuwa kahawa mbovu kuliko zote za kijiji kile. Nilimweleza nikiwa nalia. Alinisikiliza ameshika jembe. Aliponiuliza karatasi ile ilifika lini, nikamwambia, alihesabu kwa midomo, akasema, "Muda wa kupinga bado upo. Mdogo, lakini upo." Akaingia ndani, akatoka na tai.

Tulifika Tunduma mchana, wote wawili weupe kwa vumbi. Baba alikuwa hajaondoka. Alikuwa anasubiri tu siku ya gulio, mpakani pakiwa na watu wengi. Alimkaribisha Mwalimu kwa adabu zote, akamwekea maji ya kunawa, mama akaleta wali. Baba akasema, "Mwalimu, nakushukuru kwa kuja. Lakini mimi nimekwisha amua."

Mwalimu aliacha kula. Akasema, "Mzee wangu, naomba nikwambie jambo la kwetu, halafu nitanyamaza."

Alisema baba yake alivuka mpaka huu huu. Yeye alikuwa mtoto, enzi za Mwingereza, mwaka ambao mvua ya mawe ilipiga mashamba yote ya upande wao na kodi ya kichwa ikadaiwa vile vile. Baba yake alisikia askari wa boma wako njiani. Alikwenda migodi ya shaba kutafuta fedha, akasema atarudi mavuno yajayo. Hakurudi. Walisikia yuko mgodi huu, walisikia yuko ule, mwisho hawakusikia kitu.

"Miaka mingi baadaye," Mwalimu alisema, "karani mmoja mzee wa boma alituambia kwamba mwaka ule, waliopigwa na mvua ya mawe walisamehewa. Ilitosha kwenda na kusema. Sisi hatukujua. Baba alikimbia kitu ambacho hakikuwapo."

Baba akauliza, "Na mama yako?"

"Yupo. Mpaka leo akisikia gari la serikali anaingia ndani na kufunga mlango. Na mimi, mzee wangu, nisikufiche, tumbo langu linafunga mlango vile vile. Lakini nitakwenda na wewe."

Mama, aliyekuwa amesimama kwenye pazia, alijifunika uso kwa khanga. Baba aliliangalia fuko lake pale kwenye kona. Halafu akanigeukia mimi na kusema, "Mletee Mwalimu daftari."

Tulifanya kazi siku mbili ukumbini. Mimi nilisoma kwa sauti herufi za baba, alizonifundisha mwenyewe nikiwa mdogo, nikaziandika kwa herufi za shule. Mwalimu alipanga: mauzo huku, manunuzi huku, na safu yake peke yake kwa mali ya mtu mwingine iliyohifadhiwa. Kila tulipokwama baba alikumbuka. "Hiyo ni siku mwenye malori alipoleta magunia, mvua ilinyesha, tukayafunika na turubai." Yule mwenye malori mwenyewe alikuja, akaweka sahihi kwamba chumvi ni yake na kodi yake ameilipa. Mwalimu aliandika barua ya pingamizi kwa mwandiko wa kutulia, sentensi fupi, bila kulalamika hata mahali pamoja. Baba alipotaka aongeze kwamba yeye ni mtu mwaminifu, Mwalimu alikataa kwa upole. "Wataliona wenyewe."

Ofisi ya kodi ilikuwa Mbeya. Kwenye benchi la kusubiri, Mwalimu alikaa katikati yetu, mikono imebanwa magotini, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Alitoka nje, nikamsikia anatapika nyuma ya jengo. Baba alimfuata. Sijui waliongea nini huko, ila walirudi wameshikana mikono kama vijana wanaokwenda dansini, na kwa mara ya kwanza tangu nifike likizo nilimwona baba anatabasamu. Nadhani kumtuliza mwenzake kulimsahaulisha woga wake.

Afisa alikuwa kijana, mwembamba, miwani. Alisalimia, akatuonyesha viti. Mwalimu alieleza, sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikakaa. Afisa alisoma nakala yetu, akainua kichwa.

"Nani aliyenakili?"

"Mimi," nikasema.

"Naomba la asili."

Baba akampa daftari. Nilingoja aligeuze juu chini. Hakuligeuza. Alilifungua kutoka kulia, upande wake, akaanza kusoma, midomo inacheza. Kumbe alikuwa mtu wa pwani, naye alisomea chuoni kabla ya shule. Alisoma ukurasa baada ya ukurasa, analinganisha na nakala yangu. Mahali fulani akasimama.

"Binti, hapa umeandika baba yako aliuza makuti."

"Ndiyo."

"Tunduma kuna minazi?"

Nilichungulia. Kwa herufi zile neno ni moja, anayesoma ndiye anayechagua. Nilikuwa nimenakili nikiwa nimechoka. "Makoti," nikasema. "Ni makoti."

"Makoti," akarudia, na baba akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa kifua kizima, na afisa akacheka, na Mwalimu akacheka machozi yakamtoka. Watu wa chumba cha pili walichungulia kuona kuna nini.

Afisa alipomaliza, alimuuliza baba, "Mzee, mbona hiki hukukileta tangu mwanzo?"

"Niliogopa, mwanangu."

"Na sisi hatukuuliza vizuri," afisa alisema. Akalivuta faili, akaiondoa chumvi, akaandika upya. Kodi ilibaki, na haikuwa ndogo. Lakini ilikuwa ya mtu mwenye duka kama la baba, siyo ya tajiri wa kubuni. Baba alilipa sehemu siku ile ile na kupangiwa iliyobaki. Alipewa stakabadhi, akaikunja, akaiweka ndani ya kofia yake, akaivaa kofia.

Tulipotoka nje jua lilikuwa kali na mlima ulio juu ya mji ulionekana wote, bila wingu. Baba alisimama ngazini. "Nina njaa," alisema, kama mtu anayegundua jambo. Tulikula mkahawani, baba akaagiza nyama, akaagiza tena. Jioni ile Tunduma mama alilifungua lile fuko, akazirudisha nguo moja moja kabatini, na alipokuwa anazirudisha alikuwa anaimba wimbo wa arusi wa Kondoa.

Mwalimu hakutaka malipo yoyote. Baba alimpa koti. Alilivaa kwa miaka, juu ya tai.

Nilimwona mara ya mwisho katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nimeajiriwa Mbeya kitengo cha hesabu, nimeolewa, nimekuja hospitali ya misheni huko Mbozi kumwona wifi yangu aliyevunjika mguu. Wakati huo kodi ya maendeleo ilikuwa imeanza, kila mtu mzima anatakiwa kulipa, wanaume kwa wanawake, na kila nilipoisikia inazungumzwa nilimfikiria yeye. Nilikuwa hata nimeweka maswali ya kumuuliza.

Nilimkuta kwenye nyasi mbele ya wodi ya wazazi. Nywele zilikuwa nyeupe. Amevaa kiatu cheusi mguu huu na cha kahawia mguu ule, na hana habari. Kapu la chakula alikuwa amelikumbatia kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu."

Aliniangalia muda kidogo. "Wewe wa Tunduma," akasema. "Kaa hapa."

Nikakaa. Alikuwa na binti mmoja tu, wa mwisho kwa watoto wake. Binti huyo alikuwa ndani tangu jana yake, na mtoto alikataa kutoka. Mke wake alikuwa huko ndani pia. Yeye walimtoa kwa sababu alikuwa anawauliza wauguzi maswali mengi.

Nilijaribu kumzungumzisha. Nilimtajia kodi mpya. Akainua mkono. "Leo hapana," alisema. "Leo sijui kitu." Sikuwa nimewahi kumsikia akisema vile. Tulikaa, akisikia mlango anasimama, akiona si kwake anakaa. Nilimwambia ale kidogo. Akatikisa kichwa, akalikumbatia kapu zaidi.

Basi langu la kurudi Mbeya lilipita barabarani, nikaliacha liende.

Jua lilikuwa limeanza kulala muuguzi alipotoka, anajifuta mikono, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya. "Baba wa yule binti yuko wapi?"

Mwalimu alisimama. Nilimnyooshea kidole mimi.

"Wazima," muuguzi alisema.

"Nani?" Mwalimu akauliza.

"Wote wawili."

"Wote wawili nani?"

"Mama na mtoto, babu. Msichana. Ana nywele nyingi sana."

Alikaa chini kwenye nyasi kwa uzito, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto mdogo. Alivua viatu vyote viwili, akaviangalia, akashangaa. Akashika kichwa, akasema maneno ya Kinyiha nisiyoyajua, polepole, kwa muda mrefu. Halafu akafunua kapu. Mlikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha, kuku, na chupa ya uji. Akaanza kula. Alikula kiazi, akala kingine, akammaliza kuku mpaka mifupa, akanywa uji kwa kifuniko cha chupa, anahema, machozi yanashuka, hasemi na mtu.

Muuguzi akarudi. "Babu, mgonjwa sasa anaweza kula. Leta kile chakula chake."

Mwalimu aliangalia kapu. Akaniangalia mimi. Akamwangalia muuguzi.

"Nimekila," alisema.

Muuguzi alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nikachukua mkoba wangu, nikatoka kwenda sokoni kutafuta ndizi na maziwa kabla hawajafunga. Nyuma yangu nilimsikia, pekupeku pale kwenye nyasi, anamwambia kila aliyepita langoni, anayemjua na asiyemjua, kwamba ni msichana, na ana nywele.